Kutu ya Chuma na Kutu ya Moyo

Miongoni mwa maswali ambayo watafutaji wa dini ya haki hutuuliza, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu huja mwishoni, baada ya maswali ya Utatu na ya kufa kwa Nabii Isa a.s. kwisha kujibiwa. Swali lenyewe ni hili: Je, yuko mtu aliyeharibika kiasi ambacho hatengenezeki tena? Muulizaji husema "mtu", lakini macho yake hushuhudia kwamba anauliza juu ya nafsi yake mwenyewe.

Mimi niliulizwa swali hilo nikiwa nimeshika taa katika banda la gari.

Katika mtaa ninaokaa, hapa Uingereza, yuko jirani yangu Mwingereza aliyekwisha kustaafu kazi, na katika banda lililo ubavuni mwa nyumba yake mna gari dogo la michezo la aina ya MGB. Kwa wasomaji wasiolijua, gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1962, nalo likaundwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Yaliundwa zaidi ya laki tano. Ni gari la watu wawili, fupi na la chini, lenye paa la turubai linalokunjwa na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Halikuwa gari la matajiri. Kijana mwenye mshahara wa kawaida aliweza kulitamani na pengine kulipata, na ndiyo maana wazee wengi wa nchi hii wakiliona linapita husimama kulitazama.

Hili la jirani yangu lilikuwa limelala bandani kwa miaka kumi na minane. Tairi zilikwisha kupasuka, panya walikuwa wamezaliana ndani ya viti, na pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda zake. Nilipomwuliza kwa nini aliliacha hivyo, alinijibu bila kuzunguka kwamba miaka hiyo ndiyo aliyokuwa akinywa pombe. Aliliingiza bandani jioni moja akiwa amelewa, na hakulitoa tena. Mke wake aliondoka. Binti yake, aliyekuwa akipanda gari lile alipokuwa mtoto, alikua, akaolewa, na hakuwa amesema naye kwa muda mrefu. Sasa amekwisha iacha pombe kwa miaka mitano, na ameanza kulitengeneza gari kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi si fundi. Kazi yangu ilikuwa kushika taa na kumpa spana. Lakini katika Jumamosi nyingi za kushika taa nimejifunza mambo kadhaa juu ya kutu, na baadhi yake yamenifanya nizisome upya aya ambazo nilidhani nazifahamu.

La kwanza ni juu ya sumaku. Kabla ya kukata chochote, jirani yangu alichukua sumaku ndogo, akaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze, akaipitisha polepole juu ya bodi nzima. Mahali pengi ilinata. Lakini chini ya milango, mahali ambapo rangi ilikuwa nzuri na laini kuliko popote, sumaku ilianguka. Chini ya rangi ile hapakuwa na chuma. Palikuwa na puti. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikuta tundu la kutu, akalijaza puti, akasugua kwa msasa, akapaka rangi, na gari likang'aa. Na nyuma ya puti ile kutu iliendelea kula, tena kwa starehe zaidi, kwa kuwa unyevu ulikwisha fungiwa ndani na hakuna aliyeweza kuuona.

Nalo hilo si jambo dogo katika gari la namna hii. Magari mengi ya zamani yalikuwa na fremu ya chuma kizito chini, na bodi iliwekwa juu yake. MGB halina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Na kwa kuwa gari halina paa la chuma la kuliunganisha mbele na nyuma, nguvu yake kubwa imo katika vile vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Vizingiti vikioza, gari hujikunja katikati. Ndiyo kusema, puti ile ilipakwa mahali ambapo gari zima lilikuwa limeegemea.

Wapenzi wasomaji, Kurani Tukufu inatueleza katika sura Al-Mutaffifin, aya ya 15, kwamba matendo waliyokuwa wakiyachuma wakosefu yamefanya kutu juu ya mioyo yao. Na Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kwamba mtu afanyapo dhambi huwekwa doa jeusi moyoni mwake. Akitubu, moyo husafishwa. Na akirudia, doa huongezeka mpaka likaufunika moyo wote. Nilikuwa nikidhani kwamba kutu imetajwa hapo kwa ajili ya uchafu wake tu. Sasa naona kwamba imetajwa pia kwa ajili ya tabia yake. Alumini ikipata hewa hufanya ganda jembamba juu yake, na ganda hilo huilinda isiendelee kuharibika. Ndiyo maana boneti ya gari lile, ambayo kwa magari ya miaka ya mwanzo iliundwa kwa alumini, haikuwa na tundu hata moja. Lakini kutu ya chuma haikilindi chuma. Ina vinyweleo, inanyonya maji, na katika nchi hii ambayo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisigande barafu, chumvi ile huifanya kazi iende upesi zaidi. Kutu ya leo ndiyo inayoiandalia njia kutu ya kesho. Hivyo ndivyo ilivyo dhambi iliyoachwa bila toba. Uwongo wa kwanza huhitaji uwongo wa pili wa kuusitiri.

Ilikuwa Jumamosi moja ya namna hiyo, vizingiti vikiwa wazi na uozo wote ukionekana, ndipo alipoweka chini brashi ya waya na kuniuliza: "Bwana, katika dini yenu, je, liko jalala la watu? Maana mafundi wawili wamekwisha niambia gari hili ni la kupelekwa kwenye vyuma chakavu."

Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo wengi wetu. Nilimwambia kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa msamaha, kwamba katika sura Az-Zumar amewakataza waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa ya rehema yake, na kwamba yeye ameacha pombe, basi yaliyopita yamepita. Sasa ni mtu mwingine.

Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Hilo ulilosema mwishoni ni puti."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeona haya. Aya niliyoitaja ni ya kweli, wala hakuna Mwislamu awezaye kuipunguza. Kosa lilikuwa langu katika kuitumia. Nilimpakia rangi mahali ambapo sumaku ilikuwa imeanguka. Binti yake hakuwa ndani ya jibu langu.

Basi na tulitazame swali hili kwa utaratibu, kwa kuwa lina sehemu mbili ambazo huchanganywa. Kwanza, je, mtu aliyeharibika anaweza kutengenezeka? Pili, akitengenezeka, je, yule aliyetengenezeka ni mtu yule yule?

Nianze na hili la pili, kwa sababu ndilo lililonitatiza. Mwaka 1990 mahakama kuu ya London ilisikiliza shauri la gari la mashindano aina ya Bentley, liitwalo "Old Number One", ambalo lilishinda mbio za Le Mans nchini Ufaransa mwaka 1929 na mwaka 1930. Mtu mmoja alikubali kuliuza, na wanunuzi walikubali kulinunua kwa mamilioni ya pauni. Kisha wanunuzi wakakataa, wakidai kwamba hilo silo. Na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Gari lile lilikuwa limebadilishwa mara nyingi kwa ajili ya mbio. Mwaka 1932 lilipata ajali kubwa katika uwanja wa Brooklands, ambamo dereva wake, Clive Dunfee, alifariki. Likaundwa upya tena baada ya hapo. Vipande vilivyosalia kutoka katika gari lililoshinda mwaka 1929 vilikuwa vichache mno. Jaji Otton alisikiliza ushahidi wote, akaamua kwamba gari haliwezi kuitwa la asili kwa maana ya kuwa na vipande vile vile, lakini ndilo Old Number One halisi, kwa kuwa historia yake haikukatika. Hapakuwa na siku ambayo gari moja lilikufa na jingine likazaliwa mahali pake.

Hukumu hiyo yafaa ifikiriwe na kila mwenye kutaka kutubu. Mwili wetu hubadilisha chembe zake nyingi, fikira zetu hubadilika, na mtu akiingia katika Islam pengine hata jina lake hubadilika. Lakini historia yake haikatiki. Yeye aliyekopa ndiye huyu anayeswali. Hivyo niliposema kwamba jirani yangu "ni mtu mwingine", nilidhani namfariji, kumbe nilikuwa namnyang'anya kitu anachokihitaji. Maana kama ni mtu mwingine, nani sasa atamwomba binti yake radhi? Mtu mwingine hawezi kuomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Hapa ndipo Islam inapoachana na wale wasemao kwamba dhambi za mtu zililipwa na mwingine. Ndugu zetu Wakristo watatusamehe, kwa maana tunasema hivi bila ya dharau yoyote kwa Nabii Isa a.s., ambaye sisi tunamheshimu kama mtume mkweli wa Mungu. Lakini tunauliza: jirani akilipa deni langu dukani, je, kizingiti cha gari langu kitaacha kuoza? Dhambi si deni la fedha tu. Ni hali iliyoingia ndani ya nafsi, na hali ya nafsi yangu haiondolewi kwa mateso ya mwili wa mwenzangu. Na wale wasemao kwamba roho hurudi duniani katika mwili mwingine ili ipate kujitengeneza, hao wanalipeleka gari kwenye tanuru. Chuma kilichoyeyushwa na kufanywa sufuria hakikumbuki kwamba kilikuwa gari, wala sufuria haiwezi kurekebisha makosa ya dereva asiyejulikana nayo.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya kwanza. Mfano wa gari unafaa mpaka hapa, lakini kuna mahali unapovunjika, nami nitakuwa si mwaminifu nisipopaonyesha. Chuma huchimbwa ardhini kikiwa mawe yenye asili moja na kutu, nasi hukitenga kwa moto mkali. Kwa hiyo gari linapopata kutu, chuma kinarudi kwenye hali yake ya kwanza. Kutu ndiyo kwao. Kung'aa ni ugeni wa muda. Laiti mwanadamu naye angekuwa hivyo, wale wenye kukata tamaa wangekuwa na haki. Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi. Kwa mwanadamu mambo yamegeuzwa: usafi ndio kwao, na dhambi ndiyo ugeni. Kwa sababu hiyo neno la Kiarabu la toba maana yake ni kurudi.

Na iko tofauti nyingine. Gari lililolala bandani kwa miaka kumi na minane halikuwahi hata mara moja kujiambia, "Ninaoza." Lakini mwenyewe alijiambia kila siku, hata alipokuwa amelewa, hayo ni maneno yake mwenyewe. Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika makala yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896 katika mkutano wa dini mbalimbali, alieleza kutokana na Kurani Tukufu kwamba nafsi ina hali tatu: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotulia. Ile ya katikati, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika sura Al-Qiyama, ndiyo shahidi kwamba mwanadamu hakuoza mpaka mwisho. Anayejiuliza kama anatengenezeka, ndani yake kimebaki chuma. Hapo sumaku inanata.

Lakini kujilaumu pekee hakutoshi, kama vile kuitazama kutu hakuiondoi. Masihi Aliyeahidiwa a.s. ametaja masharti matatu ya toba ya kweli: kuziondoa moyoni fikira na picha zinazoamsha tamaa ya dhambi ile, kuona majuto ya kweli, na kuazimia kwa nguvu kutoirudia. Yanafuatana kwa mpangilio, nami naamini mpangilio huo una maana. Wengi wetu huanza na azimio, nalo ni rahisi kutamka. Fundi haanzi na rangi. Kabla ya kukata kizingiti kilichooza, jirani yangu alichomelea vyuma imara katika nafasi za milango, kutoka mbele hadi nyuma, ili gari lisijikunje wakati wa kukatwa. Asiyefanya hivyo hukata uozo wote kwa bidii, akatia chuma kipya, kisha akaona milango haifungi tena kamwe. Nimewaona watu walioacha maovu yao yote kwa siku moja, bila sala, bila jamaa wa kuwashika, na baada ya miezi michache wakajikunja. Tunaposema kwamba mwenye kuingia Islam ashikamane na Sala tano na Jumuiya kabla hata ya kujua mengi, si kwa kutaka wingi wa watu. Ni vyuma vya kushikilia.

Na pistoni zilizogandamana? Hizo hazikupigwa nyundo. Alimimina mafuta mepesi katika silinda kupitia matundu ya plagi, akaziacha. Siku ya tatu alijaribu, hazikusogea. Akaongeza mafuta, akangoja tena. Zilichukua karibu mwezi mmoja. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa kabla yake.

Liko jambo moja zaidi ambalo sisi Waislamu tunalijua kwa ulimi lakini tunalisahau tunapowafariji watu. Haki za Mwenyezi Mungu ni mbali, na haki za waja ni mbali. Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza kwamba aliyefilisika hasa katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake, hali amemtukana huyu, amemla mali huyu, amempiga huyu. Basi mema yake yatagawanywa kwa wenye haki zao mpaka yaishe. Pombe aliyokunywa jirani yangu ni baina yake na Mola wake, na mlango huo uko wazi. Lakini miaka ya utoto wa binti yake haikuwa mali yake wala mali yangu hata niseme "yamepita". Juma lililofuata nilimrudia, nikamwambia hayo, na nikamwomba radhi kwa puti yangu. Alicheka. Kisha akasema kwamba alikuwa amekwisha mwandikia binti yake barua tatu na kuzichana zote, kwa sababu kila moja ilianza kwa kueleza kwa nini alikunywa.

Ama lile jalala aliloliuliza, jibu la Islam kama inavyofundishwa na Jumuiya ya Ahmadiyya ni wazi, na ni katika mambo yaliyowavuta wengi waliokuwa wakitafuta. Sisi hatuamini kwamba Mwenyezi Mungu aliumba roho yoyote ili mwisho wake iwe kutupwa milele. Kurani Tukufu, katika sura Al-Qari'a, inaiita Jahanamu "mama" wa mwenye mizani nyepesi. Na mama hakai na mtoto tumboni milele, humlea mpaka aweze kutoka. Katika sura Hud Pepo imeelezwa kuwa ni kipawa kisichokatika, na neno hilo halikusemwa kwa moto. Jahanamu ni hospitali, yenye matibabu makali sana, ambayo mwenye akili hataki kulazwa humo hata siku moja. Lakini ni hospitali. Asiyeikubali brashi ya waya hapa ataikuta huko, na ya huko ni kali zaidi.

Msomaji mmoja anaweza kuniuliza kama si israfu mtu kutumia fedha na miaka kwa gari ambalo, likikamilika, thamani yake haitafikia gharama zake. Ni swali la haki, na kwa watu wengine jibu ni ndiyo. Wapo wanaozikimbia nyumba zao kwa kujificha chini ya gari. Tena tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikiunda bodi mpya kabisa za MGB, na jirani yangu angeweza kununua moja na kuhamishia humo injini yake, kazi ikaisha mapema. Nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo. Akaniambia kwamba katika mlango wa kushoto, upande wa ndani, mna mikwaruzo ambayo binti yake aliifanya kwa sarafu alipokuwa na miaka sita, na kwamba siku ile alimkaripia sana kwa ajili yake. Mlango ule ameusafisha kutu chini na pembeni, lakini mikwaruzo ile hakuigusa.

Gari bado liko juu ya vigingi. Kizingiti cha kulia kimekwisha chomelewa, cha kushoto bado. Barua ya nne aliipeleka posta mwezi uliopita, na mpaka naandika haya jibu halijafika. Kile kitabu cha makala ya Lahore anacho, anakisoma polepole, wala hajasema kwamba anataka kuingia Islam, nami sikumhimiza. Nawaomba wasomaji wamkumbuke katika dua zao, yeye na binti yake.